Trekta Lililozaliwa na Matrekta Mawili

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu, na kwamba makao yake ni vitabu vikubwa vyenye vumbi. Dhana hiyo ina upungufu. Jembe lina historia yake, na mtumbwi, na kinu, na cherehani. Na mtu ajuaye kukitazama chombo kwa makini aweza kusoma ndani yake shida za watu waliokiunda, hali ya udongo wa nchi yao, na akili waliyoitumia kujiokoa. Katika insha hii nitaeleza habari za trekta moja lisilojulikana na wengi, lililoundwa Uingereza karibu na mwisho wa miaka ya 1950, na jinsi fundi wa mifano midogo awezavyo kulifufua tena juu ya meza yake kwa kubadili matrekta madogo mawili yaliyo ya kawaida. Natumaini kwamba msomaji ataona, kabla hajafika mwisho, kuwa kazi ya fundi huyo na kazi ya mwanahistoria ni ndugu wa tumbo moja.

Yafaa kwanza tujue mfano mdogo ni kitu gani. Watoto wetu hukunja waya wakaunda gari, wakalitia magurudumu ya vifuniko au ya ndara kuukuu, wakalisukuma njiani kwa furaha. Gari hilo ni zuri, lakini halina kipimo. Mfano wa kipimo ni kitu kingine. Kila sehemu yake imepunguzwa kwa kadiri moja isiyobadilika. Katika matrekta madogo ya Uingereza kadiri iliyozoewa sana ni 1 kwa 32. Yaani urefu wa sentimita 32 katika trekta la kweli huwa sentimita 1 katika mfano. Gurudumu lenye kimo cha sentimita 160 huwa sentimita 5, likatosha kukaa katika kiganja. Hesabu hii ni nyepesi, lakini haina huruma: fundi akikosea kwa milimita 1 tu, kosa lake ni sawa na milimita 32 katika trekta la kweli, na jicho la mjuzi huliona mara moja.

Kipimo hicho kilipata nguvu kwa sababu ya askari wa kuchezea. Huko London, kampuni ya Britains ilianza mwaka wa 1893 kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani, waliokuwa wepesi na rahisi kununuliwa. Kimo cha askari hao kilikuwa milimita 54. Zidisha 54 kwa 32, utapata milimita 1728, ambayo ndiyo kimo cha mtu mzima wa kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wazazi wengi walichoka na sura za vita. Basi kampuni hiyo ikaanza kuunda ng'ombe, kondoo, wakulima na mabanda. Na mwaka wa 1948 ikatoa trekta dogo la Fordson Major katika kipimo cha 1 kwa 32. Hivyo, hata toleo la kitu cha kuchezea laweza kutuambia jambo: panga lilikuwa limefuliwa kuwa jembe, japo la risasi.

Sasa na tulitazame trekta lenyewe la Fordson. Bwana Henry Ford, Mmarekani aliyekuwa mwana wa mkulima, alianza kutengeneza matrekta ya jina hilo kwa wingi mwaka wa 1917. Wakati ule Uingereza ilikuwa vitani, vijana na farasi wake walikuwa wamechukuliwa kwenda kupigana, na nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula. Serikali ya Uingereza iliagiza maelfu ya matrekta hayo ili mashamba yasilale. Baadaye kazi ya kuyaunda ilihamishiwa Cork, katika Ireland, mwaka wa 1929, na kisha Dagenham, karibu na London, mwaka wa 1933. Kutoka Dagenham yalitoka matrekta yaliyolima Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita ikaja jamii ya Fordson Major: kwanza ile ya mwaka wa 1945, kisha Fordson Major Mpya iliyotangazwa mwisho wa mwaka wa 1951, kisha Power Major ya mwaka wa 1958, na Super Major iliyoifuata.

Power Major lilikuwa trekta zuri. Lilitumia mafuta ya dizeli, lilikuwa imara, na nguvu zake zilipita kidogo nguvu za farasi 50. Kwa wakulima wengi hizo zilitosha. Lakini udongo wa dunia hauko namna moja. Katika jimbo la Essex, mashariki ya London, kuna mashamba ya udongo mzito wa mfinyanzi. Ukinyeshewa hunata kama ulimbo. Ukikauka huwa mgumu kama tofali. Trekta la kawaida liliposhikishwa plau kubwa katika udongo ule, magurudumu yake ya nyuma yaliteleza na kujichimbia shimo, na yale madogo ya mbele hayakusaidia kitu, maana kazi yake ilikuwa kuelekeza tu, si kuvuta.

Mkulima wa Essex alikuwa na njia nyingine moja, nayo ni kununua trekta la minyororo, lile litambaalo kama jongoo. Hilo halitelezi upesi. Lakini siku zile mwendo wake ulikuwa wa pole, minyororo yake ilichakaa, na halikuweza kupita katika barabara ya lami bila kuiharibu. Mwenye mashamba yaliyotengana alipata taabu kubwa kulihamisha. Trekta la magurudumu lenye nguvu za farasi 100, lililoundwa na kiwanda cha Uingereza kwa mkulima wa Uingereza, halikuwapo sokoni. Ama mtu akubali kulima polepole, ama atafute maarifa yake mwenyewe.

Mtu aliyeyatafuta aliitwa Bwana George Pryor, mkulima wa Essex. Wahenga wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sidhani kama Bwana Pryor aliwahi kuisikia methali hiyo, lakini alitenda kama aliyelelewa nayo. Alichukua matrekta mawili ya Fordson, akayaondoa magurudumu ya mbele pamoja na mihimili yake, kisha akayaunganisha moja nyuma ya jingine kwa kiungo chenye kuzunguka. Kikapatikana chombo kimoja kirefu, chenye injini mbili na magurudumu manne makubwa yaliyo sawa, na yote manne yakivuta. Dereva alikaa juu ya trekta la nyuma. Chombo hakikukata kona kwa kugeuza magurudumu, bali kwa kujikunja katikati: nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa ndani ya mabomba ilisukuma kiungo upande huu au upande huu, na trekta la mbele likageuka kama kichwa cha nyoka kinavyogeuka mbele ya kiwiliwili chake.

Habari hizo ziliifikia kampuni ya Ernest Doe and Sons, ya Ulting, katika jimbo lilo hilo la Essex, iliyokuwa ikiuza na kutengeneza vyombo vya ukulima. Wakuu wake hawakucheka. Walikubali kuliunda trekta la namna hiyo na kuliuza, wakilirekebisha hatua kwa hatua. Mwanzo liliitwa Doe Dual Power, baadaye Doe Dual Drive. Na kwa kuwa maneno hayo matatu huanza kwa herufi D, watu wakazoea kuliita Triple-D. Power Major mbili zilipounganishwa, nguvu zilizidi farasi 100. Katika miaka ya 1960 zilitumika Super Major mbili badala yake, na baada ya hapo Ford 5000 mbili. Jumla ya matrekta ya Triple-D yaliyoundwa ilipita 300. Hiyo ni hesabu ndogo mno ukiilinganisha na maelfu kwa maelfu ya Fordson yaliyotoka Dagenham, na ndiyo sababu trekta hilo limekuwa adimu na lenye kutafutwa.

Kwa nini halikuendelea? Sababu yake ni rahisi kufahamika. Mwenye chombo cha injini mbili ana vitu viwili viwili vya kutunza: rejeta mbili, klachi mbili, gia mbili, na mafuta ya kubadilisha mara mbili. Mwenye kazi huvumilia taabu hiyo muda wote asiokuwa na njia bora. Viwanda vilipoanza kutoa matrekta yenye injini moja kubwa na magurudumu manne yenye kuvuta, Triple-D likawa limemaliza kazi yake. Halikushindwa, lilivusha watu mto, na baada ya daraja kujengwa mtumbwi ukawekwa kando.

Hebu sasa tuje kwenye meza ya fundi wa mifano midogo. Fundi huyu anataka kuwa na Triple-D katika kipimo cha 1 kwa 32, lakini mbele yake ana mifano miwili ya kawaida ya Power Major. Jambo la kupendeza ni kwamba njia atakayoifuata ni ile ile aliyoifuata Bwana Pryor. Hawezi kufika kwa njia nyingine.

Kabla ya kushika chombo chochote, hana budi kukusanya ushahidi. Atafuta picha zilizopigwa wakati ule, vitabu vya maelezo vilivyotolewa na waundaji, na ikiwezekana ataliendea trekta lenyewe katika maonyesho ya mashine za zamani na kulipima kwa utepe. Ataandika kila kipimo na kukigawanya kwa 32. Kisha atajiuliza swali ambalo kila mwanahistoria hujiuliza: ninaunda la mwaka gani? Jina la Triple-D ni moja, lakini matrekta yaliyoitwa hivyo hayakufanana. Super Major lina taa zilizoingizwa ndani ya uso wake wa mbele. Power Major halina. Power Major lilipakwa rangi ya buluu na magurudumu yake rangi ya machungwa. Lakini Super Major za mwisho, za miaka ya 1963 na 1964, zilikuwa na magurudumu ya kijivu. Fundi akilitia trekta la mwaka wa 1958 magurudumu ya kijivu, atakuwa ameandika uongo kwa brashi, kama vile mwandishi amvalishaye mtu wa kale saa ya mkononi.

Ushahidi ukitosha, kazi yaanza. Mfano hulazwa chali juu ya kitambaa, na parafujo zake zikafunguliwa kwa bisibisi ndogo. Pakiwa na ribiti badala ya parafujo, kichwa chake hutobolewa taratibu kwa keekee nyembamba. Mifano yote miwili huondolewa magurudumu ya mbele na mihimili yake, na vipande hivyo huwekwa akiba, maana fundi mwema hatupi kitu. Trekta la mbele huondolewa pia kiti na usukani, kwa kuwa halina dereva. Mahali palipokatwa kwa msumeno wa chuma hulainishwa kwa tupa, kisha kwa msasa, mpaka pasibakie alama.

Baada ya hayo chaja kiungo, ambacho ndicho moyo wa kazi yote. Hakuna duka liuzalo kiungo hicho kwa kila mtu; fundi hana budi kukiunda mwenyewe kwa bati la shaba na vijiti vyake, akavishika kwa lehemu. Kiungo lazima kibebe pua ya trekta la nyuma, kishike mkia wa trekta la mbele, na kizunguke bila kulegea. Hapo ndipo wengi wajifunzapo heshima. Msomaji wa kitabu aweza kupita juu ya maneno "matrekta mawili yaliunganishwa" kwa nukta moja, asifikiri zaidi. Lakini anayeyaunganisha kwa mikono yake, hata katika udogo ule, hukutana na maswali yale yale yaliyomkabili mkulima wa Essex: uzito utaegemea wapi? Magurudumu ya mbele na ya nyuma yataachana kwa nafasi gani yasije yakagusana wakati wa kukata kona? Mabomba ya mafuta yatapita wapi yasikatike? Kila swali huonyesha kwamba jambo lililoandikwa kwa sentensi moja lilikuwa siku nyingi za jasho.

Kisha huja vitu vidogo: mabomba ya waya mwembamba, vyuma vya kusukuma kiungo, na herufi za jina ubavuni. Mwisho ni rangi, ambayo hupakwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka huachwa ikauke kabla ya nyingine. Mwenda pole hajikwai. Rangi nzito hujaza mifereji midogo na kufuta sura yote iliyochongwa kwa taabu.

Yamkini msomaji atauliza: faida yake nini? Mtu mzima ana haja gani na trekta lisiloweza kulima hata tuta moja la viazi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kutaja matrekta mawili mengine yaliyobadilishwa, ili tupime tofauti yao.

La kwanza ni Ferguson TE20, trekta dogo la kijivu lililoundwa Coventry. Sir Edmund Hillary wa New Zealand, aliyekuwa amekwisha kupanda kilele cha Everest mwaka wa 1953, aliyachukua matrekta ya namna hiyo mpaka bara la barafu la kusini. Yalifungwa minyororo juu ya magurudumu ili yasizame katika theluji. Msafara wake uliondoka Oktoba 1957, na tarehe 4 Januari 1958 matrekta matatu yalifika katika Ncha ya Kusini. Hayo ndiyo magari ya kwanza kufika huko kwa kupita juu ya nchi kavu. Mabadiliko yaliyofanywa yalikuwa machache na ya akili, nayo yalitokana na kuijua theluji.

La pili latuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupata mafuta ya kula. Matrekta hayakupatikana kwa wingi uliotakiwa. Basi kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya vita vya namna ya Sherman, ikaviondoa mizinga, ikavibadili kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kwa maneno, ni jambo la kusisimua: silaha kugeuzwa chombo cha kulisha watu. Lakini kifaru kilibuniwa kwa vita, hakikubuniwa kung'oa visiki na kuvuta plau mchana kutwa, na Shervick hazikuuokoa mpango ule. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu kama saruji, mvua haikuwa ya kutegemewa, na waliopanga walikuwa mbali. Mwaka wa 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Tazama basi. Bwana Pryor alibadili trekta, na kampuni ya Vickers ilibadili kifaru. Wote walikuwa na mafundi, wote walikuwa na chuma. Tofauti ni kwamba mmoja alianza na udongo aliouona kila asubuhi mlangoni pake, akatafuta chombo cha kuufaa. Wengine walianza na chombo kilichokuwapo, wakatumaini kwamba udongo utakikubali. Mtu akiweka mifano midogo ya vyombo hivyo viwili mezani, kimoja kando ya kingine, ana mbele yake somo ambalo maneno matupu hulifundisha kwa shida. Hiyo ndiyo faida.

Na faida hiyo ina sharti moja, nalo ni uaminifu. Kitu adimu huvuta fedha. Mfano wa trekta lililotolewa kwa idadi ndogo na kiwanda huuzwa kwa bei kubwa kuliko wa kawaida, na kwa sababu hiyo hutokea mtu akabadili mfano wa kawaida kwa rangi na herufi mpya, kisha akauuza kana kwamba ulitoka kiwandani hivyo. Mikono yake ina ustadi ule ule wa fundi mwema, ila nia yake ni ya mwizi. Anamwibia mnunuzi fedha, na tena anawaibia ukweli watu watakaokuja baadaye, maana watauona mfano wake na kuamini kwamba kiwanda kiliunda kitu ambacho hakikukiunda kamwe. Kwa hiyo fundi mwaminifu huandika chini ya tumbo la mfano wake kwamba umebadilishwa, mwaka uliobadilishwa, na trekta gani la kweli lililofuatwa. Alama hiyo haipunguzi uzuri wake hata kidogo. Ni kama saini ya shahidi chini ya hati.

Mwanahistoria naye yuko katika hatari ile ile. Anapewa vipande vilivyokatika: barua moja, picha moja, kumbukumbu ya mzee mmoja. Lazima aviunganishe, na mahali pasipo na kipande humpasa aunde kiungo kwa akili zake. Hakuna dhambi katika kuunda kiungo. Dhambi ni kukipaka rangi ili kisionekane kuwa kiungo.

Vijana wanaosoma kurasa hizi si wote watakaopata trekta dogo la Fordson, wala hapana haja. Katika kila wilaya ya nchi yetu kuna vyombo vilivyobadilishwa na watu kwa sababu ya shida zao: mkokoteni uliotengenezwa kwa ekseli ya gari bovu, taa ya kibatari iliyotengenezwa kwa kopo, baiskeli iliyotiwa kiti kipana kubeba magunia. Chagueni kimoja. Kipimeni, mwulizeni aliyekiunda kwa nini alikiunda hivyo, mkiandike, na mkiweza mkiunde kwa udogo kwa mti, bati au waya, kwa kipimo kisichobadilika. Mtakapomaliza mtakuwa mmeandika sehemu ya historia ambayo haijapata kuandikwa. Na ikiwa kuna mahali mlipokisia, semeni kwamba mlikisia. Hapo kazi yenu itaweza kutumiwa na wengine kwa amani.